Mtihani na Zeze

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi waliokwisha kutoka shule na kuingia kazini, na tena huwasumbua hata watu wazima wenye watoto. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliye na kazi ya mchana, na mbele yake pana mtihani mkubwa wa kazi yake, je, afanyeje na ule ufundi aupendao moyoni? Afanyeje na watu wa nyumbani mwake? Awaambie wote wangoje, ashike vitabu peke yake? Au ashike vyote pamoja?

Wazee walisema, Mshika mawili moja humponyoka. Neno hili ni la kweli, wala sikukusudia kulikana. Lakini wazee hao hao walikuwa na jembe, na mifugo, na ngoma, na watoto, wala hawakuacha kimoja mpaka kingine kiishe. Kwa hiyo yafaa tutazame vizuri ni kitu gani kinachoponyoka mkononi, na kwa sababu gani.

Binti mwenye madaftari mawili

Siku moja ya mwezi wa Januari, mwanafunzi wangu wa zamani alikuja nyumbani kwangu jioni. Nilimfundisha alipokuwa msichana mdogo, kabla sijahamia chuo cha ualimu. Sasa ni mke wa mtu, ana mtoto mmoja wa miaka mitatu, na kazi yake ni karani wa hesabu katika ofisi moja mjini.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?”

“Njema, Mwalimu, ila nimekuja na ombi.”

Akafungua khanga aliyokuwa ameshika, akatoa daftari nene lenye jalada jeusi. Nililitambua daftari lile. Tangu alipokuwa darasani alikuwa akitunga mashairi, na mengine yalikwisha kuchapwa gazetini. Akasema, “Nakuomba, Mwalimu, unitunzie daftari hili mpaka nitakapopita mtihani wangu. Likiwa nyumbani nitalifungua, na nikilifungua nitashindwa tena.”

Yafaa niwaeleze mtihani huo ni upi. Katika Tanzania mtu hawezi kuwa mhasibu mwenye idhini kwa kupenda kwake tu. Sharti aandikishwe na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972, na njia ya kufika huko ni mitihani ya Bodi, ambayo hufanywa mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba. Kenya nayo ina bodi yake ya mitihani ya namna hii, iitwayo KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969. Masomo yake si mepesi: pana kodi, pana ukaguzi wa hesabu, pana sheria za biashara, pana usimamizi wa fedha. Wengi wanaoufanya wamo kazini mchana kutwa, na vitabu huvisoma usiku. Yule binti alikuwa ameufanya mwezi wa Novemba, akashindwa masomo mawili. Ndipo akaamua kwamba adui yake ni ushairi.

Sikulipokea daftari lile siku hiyo. Nilimwambia, “Lirudishe nyumbani kwa juma moja. Wewe ni karani wa hesabu. Kabla ya kumfukuza mtumishi kwa wizi, kwanza hukagua vitabu. Nenda ukakague saa zako.”

Hesabu ya saa

Juma lina siku saba, na siku ina saa ishirini na nne. Jumla ni saa 168. Mali hii tajiri na maskini wanayo sawasawa. Tulikaa mimi na yeye tukaandika matumizi yake kama yalivyopasa kuwa. Kazi ya ofisini, saa 40. Kwenda na kurudi, saa 10. Usingizi, saa saba kila usiku, yaani saa 49. Kupika, kula, kufua, kuoga na kumtazama mtoto, saa 35. Ibada na kuwaamkia jamaa, saa 6. Jumla saa 140. Zikabaki saa 28. Alipoiona hesabu ile alishangaa, maana alikuwa akifikiri kwamba hana hata saa moja.

Kisha nikamwagiza aandike kwa juma zima, kila baada ya nusu saa, amefanya nini, pasipo kujipendelea. Juma likapita, akarudi na karatasi yake. Kazi na njia zilikuwa zile zile, na mambo ya nyumbani na jamaa yale yale. Lakini usingizi haukuwa saa 49, ulikuwa saa 36. Vitabu vilikuwa wazi mbele yake saa 26. Simu ya mkononi ilikula saa 9, si kwa mkupuo, bali kidogo kidogo, kama panya alavyo mahindi ghalani. Na saa 6 hakuweza kusema zilikokwenda. Hapo alicheka mwenyewe, maana katika ofisi yake fedha zisizojulikana zilikokwenda huleta askari.

Nikamwuliza, “Na ushairi je?”

Akatazama karatasi. “Sifuri, Mwalimu.”

Basi mwizi hakuwa ushairi. Kwa miezi mitatu hakuwa ametunga hata ubeti mmoja, na hata hivyo vitabu havikuingia kichwani. Zile saa 26 alizokaa navyo, nyingi zilikuwa za baada ya saa sita ya usiku, naye alikiri kwamba ukurasa mmoja aliusoma mara tatu asijue umesema nini. Alikuwa amelipa usingizi wake, mume wake na daftari lake, na kwa malipo hayo yote alinunua kurasa alizozitazama tu.

Namna akili inavyoshika mambo

Hapa sharti niseme kidogo juu ya akili, maana watu wengi hudhani kwamba kusoma ni kama kujaza mtungi: ukimimina kwa muda mrefu zaidi utajaa zaidi. Sivyo.

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijijaribu yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yo yote, akazikariri, kisha akangoja, akapima ni kazi kiasi gani imempasa kuzikariri upya. Aliona kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya ile kazi ilikuwa imepotea. Baadaye kupotea kukaenda polepole. Aliona tena kwamba kurudia mara chache katika siku mbalimbali kwafaa kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja. Mkulima atalielewa jambo hili upesi. Mvua ya siku moja, hata ikiwa kubwa namna gani, huenda mtoni. Mvua ndogo ya mara kwa mara ndiyo inayoingia ardhini.

Mwaka 1924 wataalamu wawili wa Marekani, Jenkins na Dallenbach, walichapisha majaribio juu ya usingizi. Waliwapa watu silabi zisizo na maana wazikariri. Mara nyingine watu hao walilala baada ya kukariri, mara nyingine walikaa macho. Ilionekana kwamba waliolala walikumbuka zaidi. Tangu hapo wengine wengi wamechunguza, nao wamethibitisha kwamba mtu akilala akili hupanga na kukaza yale aliyojifunza mchana. Basi mtu anayeiba usingizi wake ili asome ni kama fundi anayebomoa msingi ili apate mawe ya ukuta.

Tena, mwaka 2006, wataalamu wengine wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha jambo ambalo sisi walimu yatupasa kulishika. Waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baadhi waliisoma tena na tena. Baadhi waliisoma, kisha wakafunika karatasi, wakajaribu kuiandika kwa kukumbuka. Walipopimwa baada ya dakika chache, waliorudia kusoma walishinda. Lakini walipopimwa baada ya juma moja, waliojaribu kukumbuka ndio walioshinda. Kwa maneno mengine, kitabu kilichofunikwa chafundisha kuliko kitabu kilicho wazi, mradi kwanza kimesomwa vema.

Kwa hiyo tulipanga upya saa za yule binti. Alale saa nne za usiku, aamke saa kumi na moja za alfajiri. Hizo ni saa saba. Akiamka asome saa moja na nusu, akili ikiwa mpya. Jioni, mtoto akiisha kulala, asifungue kitabu, bali atumie nusu saa kuandika kwa kukumbuka yale aliyosoma alfajiri. Kwa siku tano za kazi hizo ni saa 10. Jumamosi asome saa 5, akijibu maswali ya mitihani iliyopita huku saa iko mezani, na Jumapili saa 3. Jumla ni saa 18. Katika zile saa 28 zikabaki 10. Nane niliziacha wazi, maana mtoto huugua, na mvua hunyesha, na gari huchelewa. Hesabu isiyo na akiba huvunjika siku ya kwanza.

“Na hizi mbili za mwisho?” akauliza.

“Hizo ni za daftari jeusi. Jumamosi jioni, baada ya chakula. Zisizidi mbili, wala zisipungue.”

Akanitazama kama mtu anayedhani anadanganywa. “Mwalimu, wataka nisome pungufu ya nilivyokuwa nikisoma, kisha nitunge na mashairi?”

“Nataka usome saa 18 za kweli badala ya 26 za kujidanganya. Na juu ya mashairi nitakueleza.”

Watu waliotutangulia

Nilimweleza hivi, nanyi nawaeleza. Wako watu wengi waliofanya kazi ya mchana na wasiache ufundi wao. Mmoja ni wa kwetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, hakulipwa mshahara kwa kutunga mashairi. Alikuwa karani wa serikali. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akakaa humo mpaka mwaka 1944, kisha akahamia idara nyingine. Alioa, alilea watoto, alifiwa na mke, alihamishwa kutoka mji huu hata mji ule. Na katika maisha hayo ndimo alimoandika vitabu vinavyosomwa shuleni mpaka leo.

Mwingine ni Anthony Trollope wa Uingereza, aliyeingia kazi ya posta mwaka 1834 na kuiacha mwaka 1867. Alikuwa mtumishi mwenye bidii. Ndiye aliyeshauri masanduku ya barua yawekwe kando ya barabara katika visiwa vya Jersey na Guernsey. Naye aliandika hadithi ndefu 47. Alifanyaje? Alimlipa mtumishi wake wa nyumbani paundi tano zaidi kwa mwaka ili amwamshe mapema na kumletea kahawa, akakaa mezani saa kumi na moja na nusu za alfajiri. Aliweka saa mbele yake, akajilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, na kabla ya wakati wa kwenda kazini alikwisha kuweka kalamu chini. Hakungoja kupata nafasi. Aliikata nafasi kama mtu akatavyo kipande cha shamba na kukizungushia ua.

Walakini, nisiwadanganye kwamba kushika mawili hakuna gharama. Alexander Borodin wa Urusi alikuwa mwalimu mkuu wa kemia, na tena mtunzi wa muziki. Mwaka 1869 alianza kutunga mchezo mkubwa wa kuimbwa uitwao Prince Igor. Mikutano, wanafunzi, wagonjwa na wageni nyumbani havikumpa nafasi, na alipofariki mwaka 1887, yaani baada ya miaka 18, mchezo ule ulikuwa haujaisha. Rafiki zake wawili, Rimsky-Korsakov na Glazunov, ndio walioumaliza. Mtu wa kazi mbili huenda polepole. Lazima akubali hilo mapema, asije akajilaumu bure kwamba hakutunga kama asiye na kazi, au hakusoma kama asiye na mtoto.

Bali gharama ya kuacha kabisa nayo ni kubwa, tena haionekani siku ile inapolipwa. Charles Darwin, yule mtaalamu mashuhuri wa viumbe, alipenda sana mashairi na muziki alipokuwa kijana. Kazi ikamchukua miaka mingi. Katika habari za maisha yake, alizoanza kuziandika mwaka 1876 alipokuwa mzee, alikiri kwamba hawezi tena kuvumilia kusoma hata mstari wa shairi, na kwamba kama angepewa maisha mara ya pili angejiwekea sheria ya kusoma mashairi na kusikiliza muziki walau mara moja kila juma. Hakusema kila siku, wala hakusema aache kazi yake kuu. Mara moja kwa juma ingemtosha.

Zeze la baba yangu

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe, nayo ndiyo iliyonizuia kulipokea lile daftari.

Baba yangu ni Mgogo wa Dodoma, na alikuwa mpiga zeze. Wengi mmepata kusikia zeze la Kigogo kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliyewapigia hata watu wa Ulaya. Baba hakupata sifa kama hizo. Alipiga kijijini tu, wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Alinifundisha tangu utoto kupaka utomvu kwenye uta, kukaza nyuzi, na kushika kibuyu kisitoe kishindo kibaya. Nyimbo zake zilikuwa nyingi. Mimi nilijua kama nusu.

Nilipokuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja nilijiandikisha kusomea shahada huku nikiwa kazini. Mwaka ule wa kwanza baba aliniambia, “Njoo kiangazi hiki, nikupe zile nyimbo zilizobaki.” Nikamjibu, “Baba, nitakuja baada ya mtihani.” Akasema, “Haya.”

Lakini mtihani haukuwa mmoja. Nyuma ya ule palikuwa na mwingine, na nyuma ya huo mwingine. Nilizima zeze, nikaacha kucheza na watoto, nikawa mtu wa kuitikia bila kusikia. Kwa baba nilifika mara kadha wa kadha katika miaka ile. Nilimwamkia, nikala, nikamwachia sukari na sabuni, nikarudi kwenye vitabu. Sikupata kumwomba apige.

Baada ya miaka minne nilipata shahada yangu, nikamchukulia cheti akione. Alifurahi sana, akawaita majirani. Usiku, watu walipoondoka, nilitoa zeze ukutani, nikampa, nikasema, “Baba, sasa nimekuja.” Akalishika. Akaliweka kama alivyozoea. Vidole vya mkono wa kushoto havikukunjika. Ugonjwa wa viungo ulikuwa umevikakamaza kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, nami nilikuwa nimeushika mkono ule katika kila salamu nisiutazame. Hakunilaumu. Aliimba maneno ya nyimbo saba, nami nikayaandika. Lakini zeze halikusema.

Maneno yale ninayo daftarini mpaka leo. Vidole vinavyopaswa kwenda pamoja nayo sina, wala hakuna mtu wa kunipa. Cheti changu sikijutii. Kimewalisha watoto wangu na kunipa kazi ninayoipenda. Tena najua, kwa hesabu ile ile niliyomfanyia yule binti, kwamba Jumamosi nne za kila kiangazi zisingalininyima cheti. Neno “baada ya mtihani” ndilo lililonidanganya, kwa sababu lina sura ya ahadi na halina tarehe.

Watu wa nyumbani

Tulipofika hapo, binti alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakulisema mwanzo. Mume wake alikuwa amekuwa mkali. Jioni hawakuzungumza. Mtoto alikuwa akilia kwa ajili ya mama aliyeketi chumba cha pili.

Nikamwuliza, “Umemweleza mume wako mtihani ni lini, na saa gani ni za vitabu?” Hakuwa amemweleza. Alikuwa amemwambia tu, Subiri. Naye mtu aliyeambiwa asubiri pasipo kuambiwa mpaka lini hana budi kufikiri kwamba amesahauliwa.

Basi walikaa wawili na kalenda, wakaandika siku za mtihani kwa wino mwekundu. Mume akakubali kwamba siku za kazi yeye ndiye atakayemwamsha mtoto, amwogeshe na kumpikia uji. Mke akakubali kwamba jioni, toka chakula hata mtoto alale, hatagusa kitabu wala simu. Walipatana pia juu ya mambo ya jamaa, maana kwetu mtu hasomi peke yake kama mkaa kisiwani. Kikao cha harusi kinaweza kupelekewa mchango na salamu; msiba hauwezi. Mgonjwa hangojei tarehe ya mtihani, wala mzee haahirishi uzee wake. Kwa hiyo yanayongoja yangoje, na yasiyongoja yapewe siku yake kutoka zile saa nane za akiba.

Juu ya majuma matatu ya mwisho kabla ya mtihani tulipunguza. Zile saa mbili za ushairi zikawa nusu saa tu. Mtihani ukikaribia una haki yake, kama shamba lilivyo na haki yake wakati wa palizi, na mtu anayekwenda ngomani wakati wa palizi asilaumu mvua. Ila nusu saa ile sikumruhusu aiondoe. Moto wa usiku hufunikwa majivu, hauzimwi. Asubuhi utapata kaa la kuwashia.

Mtaniuliza, je, ushairi ulimsaidia katika mtihani? Sitasema kwamba ubeti hufundisha kodi. Lakini alinieleza kwamba Jumatatu alikifungua kitabu bila chuki, na kwamba jambo lile la kupima mizani na vina lilimpa raha isiyotegemea alama za mtu mwingine. Mtu mwenye kitu kimoja tu cha kujipimia, siku kitu hicho kinapomwangusha huanguka mzima. Aliyeshindwa mtihani na bado ni mshairi, au fundi wa kudarizi, au mwimbaji wa kwaya, au baba anayejua kuchonga gari la mti la mwanawe, ameshindwa mtihani tu.

Mwisho wa habari

Majibu ya mtihani wa Mei yalipotoka, yule binti alikuwa amepita somo moja katika yale mawili. Moja limebaki, nalo atalifanya Novemba. Alipokuja kuniambia hakulia kama mara ya kwanza. Alikuwa na mume wake na mtoto, na mkononi lile daftari jeusi, lenye mashairi kumi na manne mapya. Nilidhani amekuja kuniachia tena. Kumbe alitaka nimsahihishie mizani ya shairi moja. Tulibishana juu ya mizani ile mpaka chai ikapoa.

Wasikilizaji wangu, ikiwa uko mtihani mbele yenu, nawasihi mfanye mambo matatu. Kwanza, andikeni saa zenu za juma moja kwa kweli, mpate kumjua mwizi kabla ya kumhukumu asiye na hatia. Pili, laleni usingizi wenu, mkasome kwa kufunika kitabu na kukumbuka. Tatu, ufundi mnaoupenda uwekeeni siku yake ndogo, na watu wenu wa nyumbani wapeni tarehe.

Na kama yuko mzee kwenu mwenye wimbo, au hadithi, au kazi ya mkono ambayo hamjaipata kwake, nendeni Jumamosi hii. Mtazameni vidole vyake, mkamwombe aanze.

Kwa herini, na usiku mwema.